Vitanda Vinane

9 Machi

Mwanangu,

Tumefika salama na nguvu ya kushika kalamu ninayo, kwa hiyo toa wasiwasi. Wewe hujambo? Baba watoto hajambo? Na yule mjukuu wangu asiyejua kukaa kitako, ameshaota meno ya mbele au bado anacheka na pengo? Sisi wazima, isipokuwa uchovu wa njia na sufuria yangu kubwa iliyobonyea ndani ya lori. Baba yako mdogo anasema sufuria imepata ajali kwa niaba yetu sote.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu huku inashika kwenye jiwe moja tu karibu na tangi la maji, na nikikupata unaniambia upo kikaoni. Basi linaleta barua Jumanne na Ijumaa. Bwana posta, ambaye anauza stempu, anapima vifurushi na kufagia ofisi yeye mwenyewe, ameniambia kwamba barua haikatiki katikati ya maneno. Nimemwamini.

Nyumba ina vyumba viwili na baraza ya saruji. Ofisi ya maji inafungulia bomba siku tatu kwa wiki, na siku hizo usitegemee kumkuta mtu yeyote mahali pengine isipokuwa bombani. Benki hakuna. Fundi viatu yupo, kinyozi yupo, shule ipo, na jioni mji unanyamaza mpaka nasikia saa ya ukutani.

Kituo cha afya kipo kama ulivyotueleza uliporudi kutoka kukikagua. Kutoka mlangoni kwetu ni hatua mia tatu na kumi. Baba yako mdogo amezihesabu, akipumzika mara mbili. Vitanda vinane, mitungi miwili ya oksijeni, tabibu, na muuguzi mkuu ambaye kila mtu anamwita Sista. Gari la wagonjwa lipo, na dereva wake wamempa jina la Polepole kwa sababu hajawahi kwenda hivyo.

Baba yako mdogo naye ameshapewa jina. Wanamwita Fundi Wino. Miaka minne tangu aache kiwanda cha uchapaji na kucha zake bado nyeusi. Jana amelala usiku kucha bila kukohoa. Sijaona hivyo tangu daktari wa mjini aliposema mapafu yake yamechoka na mji utayamaliza. Ahsante, mwanangu. Wewe ndiye uliyetuonyesha mahali hapa.

Mama yako mdogo

2 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo, na nifikishie shikamoo kwa Baba Mdogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, moja kimya, moja kwa sauti mezani. Mjukuu wako ameichekea sana ile sufuria. Meno ya mbele yameota, makubwa kuliko uso. Baba yake anasafiri sana siku hizi, kwa hiyo nyumba ni mimi, mtoto, na nguo zisizopigwa pasi.

Habari ya kazini ni kwamba nimepandishwa. Wamenihamishia mipango, hapahapa makao makuu. Ni makaratasi yaleyale, ila meza ni kubwa zaidi na dirisha lina pazia. Kuna mambo ya kupanga upya huduma za vituo vidogo, ndiyo maana nachelewa kutoka.

Nilitaka kukuuliza kitu. Kutoka hapo hadi hospitali kubwa ni mwendo wa saa ngapi? Na lile daraja, wakati wa mvua linapitika? Nauliza tu.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya meza kubwa. Mama yako angekuwa hai angeenda mlango kwa mlango akiwatangazia majirani, na mimi ningemfuata nyuma nikiongezea chumvi. Tumefurahi sana. Baba yako mdogo amesema alijua tangu ulipokuwa na miaka saba, ulipokuwa ukikaa sakafuni kwetu na kusoma karatasi zilizoharibika alizoleta kutoka kiwandani.

Sasa sikiliza na usishtuke, maana mambo yameshapita. Juma lililopita alikuwa akinyoa ndevu pumzi ikamkatika. Povu lilikuwa bado shavuni. Midomo ikageuka rangi. Nilitoka na kumwita jirani, jirani akakimbia kituoni, na kabla sijamaliza kumfungua vifungo Sista alikuwa ameshaingia, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui wapi. Wakamweka kitanda namba tano na mtungi ubavuni. Siku tatu. Siku ya pili akaanza kuwasahihishia maandishi ya ukutani, nikajua amepona.

Tabibu ameniambia bila kuzunguka kwamba kama ingekuwa nusu saa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Umeuliza habari ya njia. Kiangazi ni saa tatu. Mvua ikinyesha, ni daraja linaloamua. Maji yakilifunika unakaa upande wako na kusubiri, hata uwe nani.

Jambo jingine. Tulipokuwa wodini walikuja watu wawili kutoka makao makuu, wakahesabu vitanda na kunakili madaftari ya wagonjwa. Nikawaambia nina binti yangu huko kwenu. Wakatazamana, wakaendelea kuandika. Unawafahamu? Walikuja kutafuta nini?

Mama yako mdogo

11 Juni

Mama Mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Mtoto alipata homa, kisha mimi, kisha zikaja ripoti za nusu mwaka. Sasa tuko salama wote. Namshukuru Mungu kwa Baba Mdogo, na huyo Sista mwambie nimempenda bila kumwona.

Nimefikiria sana. Rudini mkae na mimi. Chumba cha nyuma kipo, nitahamisha mashine ya kufulia. Najua hewa ya hapa si nzuri, lakini hospitali ziko karibu. Msikae hapo hadi mvua kubwa. Naomba usinibishie, Mama Mdogo, na usiniulize sana. Nikisema rudini, ujue nimefikiri.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Poleni na homa. Mtoto apewe maji mengi, na wewe upate usingizi.

Chumba chako cha nyuma tumekipokea kwa moyo, lakini baba yako mdogo amekataa, na mimi nimekataa pamoja naye. Miezi mitatu na zaidi huku, amekwenda wodini mara moja. Mjini alikuwa anakwenda kila juma, akikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Isitoshe amepata kazi. Madaftari ya wagonjwa ya kituo yalikuwa yamechanika, kurasa zinapeperuka kama majani. Amejitolea kuyajalidi upya. Amejitengenezea kibanio cha mbao mbili na mawe, anapika gundi barazani, na akimaliza daftari moja analipeleka mwenyewe, hatua mia tatu na kumi, sasa anapumzika mara moja tu. Unataka nimrudishe mtu huyo akae nyuma ya mashine ya kufulia?

Na mimi nimewashonea mapazia ya wodi, vitanda vyote vinane. Tumeshakuwa watu wa hapa.

Lakini swali langu umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Wale watu wawili walikuja kutafuta nini?

Mama yako mdogo

22 Julai

Mama Mdogo, shikamoo.

Ndani ya sanduku hili kuna mashine ya oksijeni ya nyumbani. Inatumia umeme. Maelezo yapo juu ya kifuniko, na nimeyaandika tena kwa Kiswahili kwenye karatasi ya njano. Isikae karibu na jiko. Baba Mdogo aizoee kuanzia sasa, asisubiri kuugua.

Sina muda wa kuandika zaidi.

Mwanao

14 Agosto

Mwanangu,

Mashine imefika. Bwana posta na Polepole waliibeba hadi ndani, na nusu ya mtaa ikaja kuisikiliza ikinguruma. Baba yako mdogo amekushukuru. Mimi pia nashukuru. Lakini nilipoitazama pale pembeni nilijiuliza swali ambalo limeninyima raha: mtu ambaye mitungi iko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, mashine ya nyumbani ya nini?

Siku tisa baadaye nikajibiwa. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa kituo. Mwisho wa mwezi huu wodi inafungwa. Vitanda vinachukuliwa, mitungi inachukuliwa, gari linachukuliwa. Sista anahamishwa. Tabibu atabaki siku tatu kwa wiki, wa kutibu mafua na kufunga vidonda. Wanasema wagonjwa waliolazwa ni wachache. Ni kweli ni wachache, mwanangu. Mji ni mdogo. Lakini mmoja wao alikuwa wangu.

Watu walikutana kwenye mabenchi ya kusubiria. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Baba yako mdogo akapewa kazi ya kuandika barua ya ombi. Aliiandika siku mbili, kwa mkono wake ule wa kiwandani, kila mstari umenyooka. Wametia saini watu mia nne na kumi na wawili, wengine kwa kidole gumba. Imeandikwa kwa Mkuu wa Mipango. Sisi hatumjui ni nani. Wewe uko humo humo, kwa hiyo nimeifunga pamoja na barua hii. Tafadhali mpelekee mkononi, usimwachie karani. Mwambie kuna mzee huku anayepumua kwa sababu ya kitanda namba tano.

Nasubiri jibu lako kila Jumanne na Ijumaa.

Mama yako mdogo

6 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini mko wazima, wewe na mtoto na baba yake.

Baba yako mdogo amefariki tarehe 29 mwezi uliopita. Tumemzika kesho yake. Nilisimama kwenye lile jiwe la tangini na kukupigia mara sita. Mara ya saba nikamwachia ujumbe mtu aliyepokea simu yako ofisini. Sijui kama ulikufikia.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu una haki ya kujua na mimi nina haki ya kueleza. Umeme ulikatika kwa upepo siku moja kabla. Mashine ikanyamaza. Asubuhi alikuwa hajambo, akala kidogo. Saa tatu pumzi ikaanza kumpotea. Nilikwenda kituoni kwa miguu yangu, nikijua ni Jumanne na tabibu hayupo, lakini miguu ilikwenda tu. Mlango ulikuwa na kufuli. Nikachungulia dirishani. Mapazia yangu bado yananing'inia, na chini yake hakuna kitu.

Mwenye duka akatoa pikapu yake. Polepole, ambaye siku hizi hana gari la kuendesha, akashika usukani kwa sababu anaijua njia. Mimi nilikaa nyuma na baba yako mdogo, kichwa chake mapajani mwangu. Daraja lilikuwa wazi. Ningependa kulilaumu lakini lilikuwa wazi, maji yapo chini kabisa. Tulipolivuka nikamwambia avute pumzi taratibu, tumekaribia. Akaniambia, "Nimechoka kuitafuta." Hakusema tena. Polepole aliendelea kukimbiza gari kwa dakika kama ishirini kabla sijagonga kioo na kumwambia apunguze.

Sasa jambo la mwisho. Jibu la ombi letu lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Bwana posta alimkabidhi baba yako mdogo, kwa kuwa yeye ndiye mwandishi. Aliwasomea watu kwenye mabenchi: ombi limepokelewa, limefikiriwa, uamuzi unabaki. Mtu mmoja akataka ibandikwe ukutani. Akakataa, akasema ataihifadhi. Jirani anakumbuka kwamba alipokuwa akisoma alikuwa ameikunja karatasi sehemu ya chini, na kidole gumba kimeshikilia pale.

Mimi sikuambiwa kitu. Juzi nilifungua kile kibanio chake ili nitoe daftari la mwisho nilirudishe. Barua ilikuwa katikati ya zile mbao. Nikaikunjua hadi chini.

Ile saini ninaifahamu. Yeye ndiye aliyekufundisha kuiandika, mezani kwangu, mwaka ulipoingia sekondari. Aliijua kabla yangu, akakaa nayo majuma zaidi ya matatu, akala na mimi, akalala na mimi, hakusema.

Sina la kuongeza.

Mama yako mdogo

21 Oktoba

Mama Mdogo, shikamoo.

Sijui kama bado utaipokea shikamoo yangu. Naiandika kwa sababu sijui kuanza vinginevyo.

Ujumbe ulinifikia siku ileile, mchana. Nilikwenda kituo cha basi. Nilikata tiketi, nikakaa kwenye benchi na mfuko miguuni. Wakaita abiria. Basi likaondoka na mimi nimekaa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mtoto kwamba basi lilikuwa limejaa.

Nilipowaelekeza huko mwezi wa Januari, orodha ile haikuwepo. Hilo naapa. Mwezi wa Machi ndipo nilipokabidhiwa. Vituo vyote viliwekewa kipimo kimoja, idadi ya waliolazwa kwa mwezi. Kituo chenu kilipungukiwa wagonjwa wawili. Ningeweza kuandika maelezo ya njia na daraja, na kukiombea kibaki. Vituo vingine viwili viliombewa hivyo na vikabaki. Ndiyo maana nilikuuliza habari za njia. Jibu lako nilikuwa nalo kwenye droo.

Siku ya kupitisha orodha, mkubwa wangu aliuliza mbele ya wote, "Kuna mwenye ndugu katika miji hii? Aseme, tumpe mwingine faili." Mama Mdogo, nilisema sina. Nilikuwa na mwezi mmoja kwenye kile kiti. Niliogopa wasije wakasema ninapendelea watu wangu, niliogopa kunyang'anywa kiti. Nikasema sina ndugu huko. Baada ya kusema hivyo sikuweza tena kukitetea kituo, maana wangeuliza najuaje habari za daraja.

Kila nilichowatumia baadaye, chumba, mashine, kilikuwa cha kuficha neno hilo moja.

Mkuu wa Mipango mliyemwandikia ni mimi. Ombi lenu lilifika mezani kwangu likiwa ndani ya barua yako. Niliutambua mwandiko wa Baba Mdogo kabla sijasoma. Nilitia saini jibu bila kuinua kichwa.

Siombi kitu. Ulitaka jibu Jumanne na Ijumaa, na hili ndilo nililopaswa kukupa.

Mwanao, kama bado neno hilo lina nafasi

15 Novemba

Nimekupata.

Nimesoma barua yako barazani, nikaingia ndani, nikatoka, nikaisoma tena. Pale ulipoandika "sina ndugu", nilitafuta mahali pa kuweka mikono. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Watu waliuliza nani atamchukua mtoto huyu. Mimi na baba yako mdogo hatukuangaliana hata, tulisema wote kwa pamoja, wetu.

Usiniombe msamaha kwa barua. Na si mimi peke yangu. Watu mia nne na kumi na wawili walitia saini, na wao walijibiwa na karatasi iliyokunjwa. Kama una la kusema, njoo ulisemee kwenye mabenchi, mchana, watu wakiwa wamekaa. Uje kwa njia ileile, upite daraja lile.

Hali yangu ni nzuri kiasi. Jirani analeta maji. Mji sihami.

Mama yako mdogo

3 Desemba

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimemweleza mkubwa wangu kwamba nilidanganya. Wameniondoa kwenye kiti na kunirudisha kwenye ukaguzi. Nimeandika maelezo ya kituo chenu yote, na siku ya tarehe 29 nimeieleza kama ulivyoieleza. Sijui yatafanya nini.

Nitakuja na basi la Ijumaa ya pili ya Januari.

Mwanao

30 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini ulifika salama na kwamba mtoto hakukusumbua kwa maswali. Mimi mzima. Maji yametoka leo, kwa hiyo naandika nikiwa na mikono mibichi, utaona madoa.

Baada ya kuondoka kwako watu wamezungumza, na siwezi kukuficha kwamba wengine wamezungumza vibaya. Mwenye duka amesema ulikuja kujitua mzigo wako ukatutwisha sisi. Jirani amesema wakubwa wangapi wamewahi kuja kusimama pale. Mimi nimesikiliza wote.

Nilikutazama kwenye mabenchi ulipoisoma ile barua ya jibu kutoka juu hadi chini, na jina lako ukalitaja. Na Polepole aliposimama kule nyuma, nilidhani atakutukana. Lakini aliuliza tu, "Umekuja kwa saa ngapi?" Ukasema saa tatu na nusu. Akauliza, "Njia nzima ulikuwa unapumua?" Ukasema ndiyo. Akakaa. Tangu siku hiyo hajalizungumza tena, hata nikimpa nafasi.

Jumanne iliyopita lori limeleta mtungi mmoja, na barua inayosema tabibu atakaa siku zote saba. Vitanda havijarudi na gari halijarudi. Wanasema ni kutokana na maelezo yako. Ijumaa mama mmoja alimleta mtoto wake kifua kimebana, wakamlaza kwenye meza ya kuandikia, wakamwekea mtungi. Nilikwenda kukaa na yule mama. Hakunijua, akaniuliza kama nami nina mgonjwa hapa. Nikamwambia nilikuwa naye. Kufikia jioni mtoto alikuwa akidai uji.

Nimerudi nyumbani nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mtungi mmoja, mwanangu. Angehitaji huo mmoja tu.

Uliponiaga kituo cha basi ulifungua mikono, na mimi nilikupa mkono mmoja kama mgeni. Niliona usoni mwako. Sikufanya kusudi, na sikujilazimisha kufanya vingine. Ndivyo nilivyoweza siku ile, na hata leo nisingeweza zaidi. Kwa hiyo mwezi ujao usije. Wala wa tatu, wala wa nne usije. Njoo mwezi wa sita, mje na mtoto, mlale siku mbili. Kitanda nitakitandika mwenyewe. Hayo mengine sikuahidi, tutayaona ukishuka kwenye basi.

Lakini barua usiache kuandika. Jumanne na Ijumaa bado nakwenda posta.

Mama yako mdogo